Tunawapima Waliobaki, Hatuwaulizi Walioondoka

Chukua darasa moja la hisabati katika chuo cha jamii nchini Marekani, yaani chuo cha miaka miwili kilicho wazi kwa kila mtu. Wiki ya kwanza wameketi wanafunzi 35. Wiki ya 16, mkufunzi anapogawa mtihani wa mwisho, wamebaki 22, na kati yao 18 wanafikia kiwango kilichowekwa. Mkufunzi anafungua programu ya chuo na kujaza sehemu ya matokeo ya ujifunzaji: asilimia 82 wameweza, lengo lilikuwa asilimia 70, lengo limefikiwa. Hajadanganya popote. Lakini ukiwagawanya wale 18 kwa wanafunzi 35 walioanza unapata asilimia 51, na swali ambalo chuo kilipaswa kujiuliza kwanza, kwamba wale 13 waliishia wapi na kwa nini, halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Mfano huo nimeutunga ili hesabu iwe nyepesi. Utaratibu wenyewe ndio uliozoeleka. Matokeo ya ujifunzaji, yaani yale ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuyajua na kuyaweza anapomaliza kozi, hupimwa zaidi mwishoni mwa muhula kwa kazi za wanafunzi waliopo. Asiyekuwapo hana karatasi, na asiye na karatasi hahesabiwi. Kwa chuo kikuu kinachochagua wanafunzi wake na kuwalaza kwenye mabweni, kasoro hiyo yaweza kuvumilika, maana wengi wanafika mwisho wa muhula. Kwa chuo cha jamii haivumiliki hata kidogo, kwa sababu wanafunzi kuacha masomo njiani ndilo tatizo lake kubwa kuliko yote.

Vyuo hivi vilianzishwa ili mlango uwe wazi kwa kila mtu. Joliet Junior College, kilichofunguliwa Illinois mwaka 1901, ndicho kikongwe kati ya vile vya umma vinavyoendelea hadi leo. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya jamii vienezwe nchi nzima, karibu na makazi ya watu na bila kizuizi cha ada. Leo California peke yake ina vyuo 116 vya aina hiyo. Ndani yake utamkuta kijana wa miaka 18 aliyemaliza sekondari juzi, mama wa watoto wawili anayefanya kazi zamu ya usiku, mhamiaji anayejifunza Kiingereza, na fundi wa miaka 50 ambaye kiwanda chake kimefungwa. Wengi hawasomi muda wote. Wanachukua kozi moja au mbili kwa muhula, na siku gari linapoharibika au msimamizi anapobadilisha zamu, masomo ndiyo ya kwanza kuwekwa kando.

Serikali ya shirikisho nayo iliwahi kuwasahau watu hao hao. Sheria ya mwaka 1990 ilivitaka vyuo vitangaze kiwango cha wanaohitimu, na kipimo kilichotokana nayo kikawahesabu tu wanafunzi wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza na wanaosoma muda wote, wakipewa mara moja na nusu ya muda wa kawaida, yaani miaka mitatu kwa shahada ya miaka miwili. Mama wa zamu ya usiku hakuwamo. Aliyesoma kidogo zamani akaacha, kisha akarudi, hakuwamo. Vyuo vya jamii vililalamika kwa haki kwamba kipimo hicho hakiwaoni wanafunzi wao wengi, na baadaye ukusanyaji wa takwimu ukapanuliwa. Kinachonisumbua ni kwamba vyuo vilivyolalamika viliunda kipimo chao cha ndani chenye kasoro ya ukoo mmoja na ile.

Upimaji wa matokeo haukuanza kama amri kutoka juu. Alverno College, chuo cha wanawake mjini Milwaukee, kilianza mwaka 1973 mtaala uliomtaka mwanafunzi aoneshe uwezo wake mbele ya wapimaji badala ya kukusanya alama za herufi, na walimu wenyewe ndio walioujenga. Amri ilikuja baadaye, na ilipitia mlango wa fedha. Tangu sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965, msaada wa shirikisho kwa wanafunzi unaelekezwa kwa wale walio katika vyuo vyenye ithibati, yaani vilivyothibitishwa rasmi kuwa na ubora unaotakiwa. Kuanzia miaka ya 1980 serikali ikazidi kuvisukuma vyombo vya ithibati viangalie mwanafunzi amejifunza nini, badala ya kuridhika na idadi ya vitabu maktabani na shahada za walimu. ACCJC, chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo vya jamii vya California na Hawaii, kikayaweka matokeo ya ujifunzaji katikati ya viwango vyake vya 2002. Kila kozi iwe na matokeo yaliyoandikwa, yapimwe, yajadiliwe, ufundishaji urekebishwe, kisha yapimwe tena. Hatua hiyo ya mwisho wenyewe wanaiita kufunga mzunguko.

Nia hiyo naitetea bila kusita. Alama ya B haisemi mwanafunzi anajua nini. Anaweza kuipata kwa mahudhurio mazuri na kazi za nyumbani ilhali hajui kusoma grafu. Mkufunzi anapoandika kwamba mwanafunzi wake ataweza kueleza mwelekeo wa takwimu kutoka kwenye grafu, kisha akakagua kazi moja baada ya nyingine kuona kama kweli anaweza, anamheshimu mwanafunzi yule zaidi ya anayempa herufi na kumwacha aende zake. Walimu wanaokaa pamoja na kusoma insha za wanafunzi wa madarasa yote ya kozi moja hugundua mambo ambayo hakuna hata mmoja wao angeyagundua peke yake: kwamba wote wanafundisha kunukuu vyanzo, lakini hakuna anayefundisha kubishana navyo.

Kisha ikaingia hofu. City College of San Francisco kilikuwa na wanafunzi takriban 85,000 wakati ACCJC, mwaka 2012, ilipokitaka kitoe sababu kwa nini kisipoteze ithibati. Malalamiko mazito yalihusu fedha na uongozi, lakini upimaji wa matokeo ya ujifunzaji nao ulitajwa kwenye orodha ya mapungufu. Julai 2013 chombo hicho kikatangaza kwamba ithibati itaondolewa mwaka unaofuata. Mwanasheria wa jiji akaenda mahakamani, mahakama ikazuia uamuzi huo usitekelezwe, na Januari 2017 chuo kikathibitishiwa ithibati kwa miaka saba. Katikati ya sakata hilo idadi ya wanafunzi ilikuwa imeporomoka vibaya. Somo lililobaki kwa vyuo vingine lilikuwa bayana: hakikisha makaratasi yako yamekamilika.

Chuo kinachohofia kufungwa kinahesabu fomu ambazo hazijajazwa. Idara inaagizwa kila kozi iwe na matokeo yake, kila matokeo yawe na asilimia, kila asilimia iwe na maelezo. Vitenzi vinachukuliwa kutoka kwenye ngazi za malengo ya elimu zilizopangwa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, kueleza, kuchambua, kutathmini, na vinabandikwa kwenye kozi ambazo hakuna aliyekaa kujiuliza kama uchambuzi unafundishwa humo. Mkufunzi mwenye madarasa matano anachagua swali moja la mtihani wa mwisho, anahesabu waliolipata, anatuma. Simlaumu. Ameombwa namba, ametoa namba.

Viwango vya 2002 viliongeza sharti jingine lililozidisha hofu: tathmini ya kazi ya mkufunzi izingatie ufanisi wake katika kuleta matokeo hayo. Vyama vya walimu vililipinga, na baadaye likaondolewa, jambo lililokuwa sahihi kabisa. Mwanasaikolojia Donald Campbell alikwishaonya katika miaka ya 1970 kwamba kadiri takwimu moja inavyotegemewa kufanyia maamuzi, ndivyo inavyozidi kushawishi watu waipotoshe na ndivyo inavyoiharibu kazi iliyowekwa kuifuatilia. Mkufunzi anayejua kwamba asilimia yake itasomwa na mtu anayeamua ajira yake hatachagua swali linalofichua udhaifu wa wanafunzi. Atachagua swali wanaloliweza. Na mwanafunzi dhaifu anapomwandikia wiki ya kumi kwamba anafikiria kujiondoa, hakuna kitu kwenye mfumo kinachomsukuma kumshawishi abaki.

Hapo ndipo tunaporudi kwa wale 13.

Kumbukumbu zao zipo, ila zimehifadhiwa penginepo. California ina siku ya sensa, yaani siku ya kuhesabu rasmi wanafunzi waliopo, ambayo huangukia karibu na asilimia 20 ya muhula. Anayeondoka kabla ya siku hiyo hubaki nje ya hesabu nyingi. Anayeondoka baada yake anaweza kupewa alama ya W, ya mtu aliyejiondoa, mpaka muhula unapokaribia robo ya mwisho, na W hiyo inaingia kwenye kile vyuo vinachokiita kiwango cha ufaulu wa kozi, ambacho hugawanywa kwa wote waliokuwapo siku ya sensa. Kwa hiyo ofisi ya utafiti ya chuo ina namba inayokaribia ukweli. Kamati ya matokeo ya ujifunzaji ina namba nyingine kabisa. Ripoti ya ithibati huzitaja zote mbili katika sura tofauti, na hakuna anayeziweka kwenye meza moja na kuuliza kwa nini kozi ambayo asilimia 82 wameielewa imewapoteza watu zaidi ya theluthi.

Mtu atasema hili ni suala la uandishi wa ripoti tu. Historia ya mitihani ya upangaji inaonesha kwamba kosa la kutowafuatilia walioondoka linaweza kuharibu maisha ya watu wengi kwa miaka mingi huku namba zote zikionekana njema.

Kwa miongo kadhaa, mwanafunzi mpya wa chuo cha jamii alikalishwa mbele ya kompyuta afanye mtihani mfupi, kama Accuplacer wa shirika la College Board au Compass wa shirika la ACT, na majibu yake yakaamua aanzie wapi. Aliyeshindwa alipelekwa kwenye kozi za maandalizi ambazo hazihesabiwi kwenye shahada, wakati mwingine ngazi mbili, tatu au nne chini ya kozi ya kwanza ya chuo. Wazo lilionekana la huruma: usimtupe mtu kwenye kina kirefu kabla hajajua kuogelea. Na ndani ya kila kozi ya maandalizi, matokeo yalipimwa na kuonekana ya kuridhisha.

Fanya hesabu. Tuseme katika kila ngazi wanafunzi saba kati ya kumi wanafaulu na kuendelea. Ni kiwango cha heshima, na mkufunzi wa ngazi yoyote ataandika kwamba lengo limefikiwa. Lakini aliyeanzia ngazi ya tatu chini lazima avuke ngazi tatu, kisha kozi yenyewe. Baada ya ngazi ya kwanza wamebaki 70 kati ya 100, baada ya pili 49, baada ya tatu 34, na baada ya kozi ya chuo 24. Wakufunzi wanne wameripoti mafanikio na wanafunzi 76 wametoweka.

Kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii kilichoko Teachers College, Columbia University, kilifanya jambo ambalo fomu za kozi hazikuweza kulifanya: kilimfuata mwanafunzi. Katika utafiti wa Thomas Bailey na wenzake wa mwaka 2010, waliomaliza mfululizo wote wa kozi za maandalizi walizopangiwa walikuwa asilimia 33 tu katika hisabati na asilimia 46 katika kusoma. Lililonishtua zaidi ni sababu. Walioishia njiani kwa kutojiandikisha kabisa, ama kwenye kozi ya kwanza ama kwenye iliyofuata, walikuwa wengi kuliko walioshindwa au kujiondoa darasani. Walipotelea kati ya muhula na muhula, mahali ambapo hakuna mkufunzi wala fomu. Miaka miwili baadaye Judith Scott-Clayton wa kituo hicho hicho alikadiria kwamba takriban mmoja kati ya wanne waliofanya mtihani wa hisabati, na mmoja kati ya watatu waliofanya wa Kiingereza, alikuwa amepangwa vibaya sana, na alama zao za sekondari zilikuwa mwongozo bora kuliko mtihani.

ACT iliuondoa Compass sokoni mwaka 2016. Mwaka uliofuata Gavana Jerry Brown alitia saini sheria ya AB 705, iliyovitaka vyuo vya jamii vya California vitumie rekodi ya sekondari kumpanga mwanafunzi na vimwongezee kadiri iwezekanavyo nafasi ya kumaliza kozi ya hisabati na Kiingereza ya ngazi ya chuo ndani ya mwaka mmoja. Wengi wakaingizwa moja kwa moja kwenye kozi hizo. Kilichofuata kinafaa kutazamwa kwa makini na kila kamati ya upimaji: kiwango cha ufaulu ndani ya kozi ya hisabati kilishuka, na wakati huo huo idadi ya wanafunzi walioimaliza iliongezeka sana.

Inawezekanaje? Nitatumia namba za kubuni. Katika mfumo wa zamani, kati ya wanafunzi 100 wapya, 39 hatimaye wanaifikia kozi, na 28 wanafaulu: asilimia 72. Katika mfumo mpya wote 100 wanaingia na 55 wanafaulu: asilimia 55. Ukisoma fomu ya matokeo ya kozi, ufundishaji umedorora na idara inapaswa kuandika mpango wa kujirekebisha. Ukiwatazama wanafunzi, waliofaulu wamekaribia kuwa maradufu. Kipimo kinachoita maendeleo makubwa hivyo kuwa ni kushuka hakifai kuongoza uamuzi wowote kikiwa peke yake.

Walimu waliopinga AB 705 walikuwa na hoja ambayo siwezi kuipuuza. Baadhi ya wanafunzi huingia, hushindwa, hurudia, hushindwa tena, na kuondoka wakiamini hawana akili ya hisabati, kumbe walikosa msaada wa saa mbili za ziada kwa wiki sambamba na kozi. Wengine waliuliza kama walimu hawajalegeza alama kimyakimya ili darasa zima lisianguke. Hilo swali la pili ni la matokeo ya ujifunzaji hasa. Lingejibiwa kwa kuchukua insha za wanafunzi waliofaulu Kiingereza kabla ya sheria na za waliofaulu baada yake, kufuta majina na tarehe, kuzichanganya, na kuwapa walimu wa vyuo vingine wazipime kwa jedwali moja la vigezo. Vyuo vilivyokuwa vimepima matokeo kwa zaidi ya muongo mzima vingepaswa kuwa na ghala la kazi za wanafunzi tayari kwa jaribio hilo. Aliyehifadhi asilimia tu, akazitupa insha zenyewe, hana cha kusoma.

Ndiyo maana naipenda njia ya LaGuardia Community College cha Queens, New York, ambako kazi za wanafunzi kutoka kozi mbalimbali zimekuwa zikikusanywa kwenye majalada ya kielektroniki na kusomwa na walimu kwa pamoja. Jalada linaonesha mwanafunzi huyu aliandika nini muhula wa kwanza na anaandika nini sasa. Ukiona jalada limesimama katikati, unajua kuna mtu wa kutafutwa. Jumuiya ya vyuo na vyuo vikuu ya Marekani, AAC&U, nayo ilitoa mwaka 2009 majedwali ya vigezo vya kupimia kazi halisi za wanafunzi, kama uandishi na fikra tunduizi. Zana zipo. Kinachokosekana ni kuzitumia mapema na kwa wote.

Mapema namaanisha wiki ya tatu. Thomas Angelo na Patricia Cross, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, waliwafundisha walimu mbinu za kupima ndani ya darasa, na inayojulikana zaidi ni karatasi ya dakika moja: mwisho wa kipindi kila mwanafunzi anaandika jambo kuu alilolipata na swali lililobaki kichwani. Haina alama wala jina. Mkufunzi anayefanya hivyo wiki ya tatu anawapima watu wote 35, pamoja na wale 13 ambao bado wana nafasi ya kusaidiwa. Matokeo yanayopatikana wiki ya 16 yanaweza kumsaidia mwanafunzi wa mwaka ujao. Ya wiki ya tatu yanamsaidia aliyeketi pale.

Kuna mahali ambapo kipimo cha waliobaki kinaleta madhara kwa namna isiyoonekana haraka, napo ni kwenye usawa. Viwango vya ACCJC vya 2014 vilitaka chuo kichambue matokeo ya ujifunzaji kwa makundi ya wanafunzi, ili ionekane kama kuna kundi linaloachwa nyuma. Ni agizo zuri. Lakini tuseme makundi mawili yameanza kozi yakiwa na watu 100 kila moja. La kwanza limebaki na 80, na 68 wamefaulu. La pili limebaki na 50, na 42 wamefaulu. Asilimia zao ni 85 na 84. Ripoti itasema pengo halipo. Pengo lipo, ni la watu 26, na limefichwa na wale walioondoka. Kadiri kundi linavyopoteza watu wake dhaifu mapema, ndivyo waliobaki wanavyozidi kung'ara, na ndivyo chuo kinavyozidi kuamini kwamba kimelihudumia vyema.

Uuguzi unatupa onyo la namna hiyo hiyo. Programu za uuguzi za vyuo vya jamii zina bahati ya kuwa na kipimo cha nje, mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, na California huitaka programu ifikishe angalau asilimia 75 ya wanaofaulu mara ya kwanza. Ni ulinzi wa lazima kwa mgonjwa. Lakini anayefanya mtihani ule ni aliyehitimu, na programu inaweza kuwa na ufaulu wa kujivunia kwa sababu imefundisha vizuri au kwa sababu imewachuja wengi njiani. Namba ya mtihani bila namba ya waliodahiliwa haikwambii ni kipi kati ya hivyo viwili.

Pingamizi kubwa dhidi ya ninachokisema ni kwamba mkufunzi atalaumiwa kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Ni kweli kwamba mengi yako nje ya uwezo wake, na ushahidi mzuri kuhusu hilo umetoka Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Mpango wao wa ASAP, ulioanza mwaka 2007, uliwapa wanafunzi wa vyuo vya jamii mshauri mwenye wanafunzi wachache, kadi ya usafiri, msaada wa vitabu na wa sehemu ya ada iliyobaki, na ukawataka wasome muda wote. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliutathmini kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, na baada ya miaka mitatu waliohitimu walikuwa asilimia 40 kwenye mpango na 22 nje yake. Hakuna mtaala uliobadilishwa kutoka juu hadi chini ili kupata tofauti hiyo. Kwa hiyo kumhesabu aliyeondoka kusiwe njia ya kumshtaki mkufunzi. Kuwe njia ya kukionesha chuo kizima, kuanzia ofisi ya ada hadi ratiba ya mabasi, kwamba kuna tundu mahali fulani. Na kwa sababu hiyo hiyo namba hizi zisiingie kamwe kwenye jalada la ajira la mtu.

Pingamizi la pili lina uzito wa aina yake: aliyeondoka hajapimwa, basi huwezi kusema hakujifunza. Nakubali. Fundi anayechukua kozi mbili za uchomeleaji, akapandishwa mshahara, akaacha, amekipata alichokifuata, na California ina jina la wanafunzi wa namna hiyo kwenye takwimu zake. Kumwandika kama hasara ni kumkosea. Lakini kumtofautisha na mama aliyekosa mtu wa kumwachia watoto hakuwezekani bila kuwapigia simu wote wawili, na simu hizo ni upimaji halali kama mtihani ulivyo.

Nani atazipiga, na nani atasoma insha? Takriban theluthi mbili ya wakufunzi wa vyuo vya jamii ni wa muda, wanaolipwa kwa kozi. Ndio wanaofundisha sehemu kubwa ya kozi za mwanzo, zile zile ambazo wanafunzi wengi huziacha. Wengi wanafundisha vyuo viwili au vitatu na hawana ofisi ya kumkaribisha mwanafunzi. Kuwaita kwenye kikao cha matokeo ya ujifunzaji bila malipo ni kuwadai kazi ya bure, na kutowaita ni kupanga upimaji bila watu wanaowajua wanafunzi walioondoka. Chuo kinachonunua programu ya gharama kubwa ya kuhifadhi asilimia, kisha kikasema hakina fedha za kumlipa mkufunzi wa muda saa sita za kusoma kazi za wanafunzi na wenzake, kimekosea mpangilio wa matumizi. Fedha hizo zitapatikana kwa kupunguza wingi. Kozi mbili zinazosomwa kwa kina kila mwaka zitakifundisha chuo mengi kuliko kozi mia tatu zilizojazwa kwenye mfumo.

Ninachopendekeza kwa kamati yoyote inayoandaa ripoti yake ijayo ni hiki. Kila jedwali la matokeo ya ujifunzaji liwe na safu tatu kabla ya safu ya asilimia: waliokuwapo wiki ya kwanza, waliokuwapo siku ya sensa, waliopimwa. Chini ya jedwali, idara ieleze kwa maneno yake imefahamu nini kuhusu waliokosekana, na kama haijafahamu lolote iandike hivyo. Vyombo vya ithibati navyo vikubali sentensi hiyo bila adhabu, kwa miaka michache ya mwanzo, ili watu wazoee kuiandika. Kozi ya kuanzia ni hisabati ya kwanza inayohesabiwa kwenye shahada, kwa kuwa kumbukumbu zake ziko tayari kwenye ofisi ya utafiti na ndiko wanafunzi wengi wanakopotelea.